Chupa Thelathini na Moja

Nikodemo Mwashilindi alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kulima kahawa, na hiyo aliifanya kama wenzake, mwaka mzuri anajisifu na mwaka mbaya anailaumu mvua. Ya pili ilikuwa kuusemea ukoo wake mbele ya washenga, na hapo hakuwa na mpinzani kuanzia Vwawa mpaka mpakani Tunduma.

Asiyeijua kazi hiyo ya pili na aelezwe. Huku kwetu milimani binti haolewi hivihivi. Kabla posa haijapokelewa, upande wa kijana humtuma mtu mzima mwenye macho makali aje kuupeleleza ukoo. Kuna wezi? Kuna wachawi? Kuna kifafa, kuna wazimu, kuna ugonjwa unaorudiarudia? Mtu huyo hunywa chai ya watu na kuisifia migomba yao, huku kimoyomoyo anahesabu makaburi yaliyo nyuma ya nyumba. Na kila ukoo wenye akili una mtu wake wa kumpokea. Kwa miaka ishirini na saba Nikodemo alikuwa akiweka kikombe chini, anafuta mdomo, na kutamka maneno yaleyale: "Ukoo wetu hauna ugonjwa." Mabinti kumi na wanne walikuwa wameshaolewa kwa maneno hayo.

Makaburi yalikuwepo, bila shaka. Baba yake alivimba miguu, akavimba uso, akafa. Shangazi yake naye hivyohivyo. Mdogo wake Gibson, aliyekuwa anauza vitenge Tunduma, alikufa kwa kuvimba akiwa na miaka arobaini na minne, na mpaka wiki yake ya mwisho alikuwa anawaambia watu kwamba ni uchovu tu. Kifo cha Gibson ukoo ulikitolea maelezo: alirogwa na wenzake wa biashara waliomwonea kijicho. Yalikuwa maelezo mazuri sana. Mtu akirogwa, aibu ni ya aliyemroga. Akiugua ugonjwa wa damu, aibu ni ya wote waliobaki, hasa mabinti ambao hawajaolewa.

Gibson aliacha binti mmoja, Ruti, na Nikodemo akamsomesha kama wa kumzaa mwenyewe. Ruti akasoma, akasoma tena, akawa daktari, kisha akaacha kutibu watu akaanza kuwachunguza, jambo ambalo pale nyumbani hakuna aliyeelewa faida yake. Alichokuwa anakitafuta ni kile kinachorithiwa ndani ya damu, ambacho huzifanya figo za ukoo mmoja zife mapema huku za jirani zikidumu mpaka uzeeni. Alizunguka nusu ya nchi na vichupa vyake. Mwisho akapanga chumba Tunduma, akanunua barafu kwa wauza samaki ili aweke vichupa vyake kwenye ubaridi, akapanda mlima mpaka kwa baba yake mkubwa na ombi moja: alitaka ukoo mzima.

Walikusanyika Jumamosi, watu wazima thelathini na mmoja, uani kwa Nikodemo, katikati ya meza za kuanikia kahawa. Ruti aliwaeleza vizuri, bila maneno makubwa. Kila mtu hurithi kila kitu mara mbili, kwa baba na kwa mama. Kuna urithi mmoja uliowasaidia mababu wasiuawe na malale walipokuwa wakipita kwenye mapori yenye mbung'o. Ukiupata kwa mzazi mmoja, umepata kinga. Ukiupata kwa wote wawili, unaweza ukazigeukia figo zako. Ndiyo maana aliwataka hata waliooa na kuolewa pale, alinganishe. Hatua ya kwanza ingekuwa mkojo wa asubuhi, na damu ingefuata siku ya majibu. Akagawa vichupa vyenye majina, akasema atavipitia Jumatatu saa moja.

Kwenye benchi, kikombe mkononi, alikuwepo pia mzee Isaka Simbeye wa Msangano. Isaka alikuwa mshenga. Kijana wa kaka yake alitaka kumwoa Restuta, kitindamimba wa Nikodemo, na kwa bahati ambayo Nikodemo hakuiamini hata kidogo, mzee huyo alikuwa amechagua kuja siku hiyohiyo. Aliyasikia yote, ya malale na ya figo. Alipoaga alishukuru kwa chai, akaisifia migomba, kisha akasema kwa upole kwamba upande wao hauna haraka, atarudi kuchukua jibu la posa siku ile ya majibu ya daktari.

Mabinti kumi na wanne waliotangulia, Nikodemo aliwaoza kwa wajibu. Huyu alitaka kumwoza kwa moyo. Restuta alikuwa na miaka ishirini na tisa, alishakataa wachumba wawili, na huyu wa Msangano binti alikuwa anampenda waziwazi mpaka ilikuwa inaaibisha kumtazama akijibu simu. Baba yake alijua kwamba ndoa hiyo ikivunjika, hatadiriki kumtazama binti yake usoni.

Jioni ile kikao kilirudi upya, bila daktari. Tatizo lilikuwa na jina, nalo ni Mika. Mika alikuwa mtoto wa shangazi yule aliyevimba, dereva wa malori ya kwenda Lusaka, na tangu mwaka uliopita miguu yake ilikuwa inajaa mpaka viatu havipiti. Kila mtu aliiona na hakuna aliyeitaja. Mmoja alipendekeza Mika ajitoe tu, karatasi ya ridhaa aliyowasomea daktari inaruhusu. Mwingine akamuuliza, na daktari akitaka kujua kwa nini kajitoa yeye peke yake? Ndipo Nikodemo akasema kwamba yeye haoni tatizo lolote. Ruti ni mtoto wao. Amehangaika nchi nzima anakusanya mikojo ya wagonjwa, basi kwao na apate mizuri.

Msomaji asicheke kwanza. Watu wale hawakuwa na nia ya kuharibu kazi ya mtu. Walikuwa wanafanya walichokifanya daima mgeni anapokuja kuuchungulia ukoo: walimtoa mbele aliye bora na kusema, sisi ndio hawa.

Kuhusu nani atoe, hakukuwa na mjadala. Nikodemo alikuwa na miaka sitini na mmoja na bado alibeba gunia la kahawa mgongoni kutoka shambani mpaka barabarani. Hajawahi kulazwa. Hajawahi hata kusema kichwa kinamuuma. Mke wake Nesta, mwanamke asiye na maneno mengi, alitoa ushahidi kwamba hata mkojo wake una nguvu, unatoa povu kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Wakubwa walitikisa vichwa kwa heshima, na vijana wakautazama ukuta wasije wakacheka.

Jumapili yote, tangu walipotoka kanisani, Nikodemo alikunywa maji na togwa kwa ajili ya ukoo wake. Nesta alinunua kidumu kipya cha kuukingia mkojo. Alfajiri ya Jumatatu aliketi jikoni na mrija wa kumiminia mafuta ya taa, ameuosha kwa majivu, akajaza chupa moja moja, vidole viwili kila moja, huku akilitamka jina la kila mwenye nayo kama anayegawa zawadi. Ya Mika aliijaza kidogo zaidi ya nyingine, kwa huruma.

Alipofika ya thelathini kidumu kikaisha. Ilibaki moja, na ilikuwa ya Nikodemo mwenyewe.

Nikodemo akaenda nyuma ya nyumba, akasimama, akasubiri. Hakuna kitu. Akanywa kikombe cha maji, akasimama tena, akakohoa, akafikiria mto Momba. Mtu aliyewatosheleza thelathini alikuwa hana hata tone la kwake. Gari la Ruti lilishasikika likipanda kilima, na aliyekuwa anatoka chooni wakati huo ni Mika. Wakatazamana. Mika alisema hapana, mzee, si wangu, ukitaka kujichafua jina utafute mwingine. Lakini Nikodemo akamwekea chupa mkononi. Alisema yeye ameshazeeka, hana mchumba anayemsubiri, na kama lazima mtu mmoja wa ukoo ule aonekane mgonjwa, basi na awe yeye. Aliyasema hayo akiyaamini. Mika naye alitokwa na machozi. Kisha akarudi chooni akaijaza.

Siku kumi zilipita. Ruti aliporudi hakuwa na tabasamu lake la mara ya kwanza, na salamu zake zilikuwa fupi. Alisema majibu ni siri ya mtu na daktari wake, kwa hiyo wataingia mmoja mmoja sebuleni. Isaka alikuwa ameshafika na ameshapewa chai. Nikodemo akatangaza kwamba yeye ataingia wa mwisho, kwa kuwa mwenye nyumba hali kabla ya wageni wake, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, mgongo wima, kama mtu anayejua matokeo ya mtihani alioutunga mwenyewe.

Wa kwanza kuingia alikuwa Alinanuswe, dada yao mkubwa. Alitoka baada ya dakika tano. Alimpita Nikodemo, akasimama, akarudi, akamshika bega. "Pole, ndugu yangu," akasema.

Nikodemo alidhani anapewa pole ya kukaa muda mrefu juani. Akajibu nimeshapoa. Wa pili akatoka, naye akasema pole, baba mkubwa. Wa tatu, wa nne. Mpwa wake mmoja, kijana mcheshi asiyejua kunyamaza, alitoka akamtazama kama mtu anayetazama jeneza, akaenda kusimama peke yake karibu na meza za kahawa. Kilichomshangaza Nikodemo ni kwamba wote walikuwa wanaingia na hofu na kutoka bila hofu, ila na huzuni, na huzuni yenyewe ilikuwa inaelekezwa kwake. Kwa mtu wa saba alianza kuhesabu. Kwa mtu wa kumi na mbili aliacha kujibu nimeshapoa.

Mika alipotoka alipiga magoti mbele ya kigoda, mwanamume mzima na miguu yake iliyovimba, watu wanamtazama, kisha akanyanyuka akaondoka. Mwisho akaingia Nesta. Alikaa humo muda mrefu kuliko wote. Alipotoka aliketi chini, ubavuni kwa mumewe, akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya arusi yao. Wote tunaijua ile methali ya mficha maradhi na kilio kinavyomfichua, inafundishwa mpaka shule ya msingi. Ila methali ile haisemi lolote kuhusu mtu aliyeyaficha maradhi yake mwenyewe akidhani anaficha ya mwenzake.

Nikodemo akaingia.

Ruti alimpa kiti, akamwamkia upya, shikamoo ya mtoto kwa mzazi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Baba mkubwa, wewe ni mzima," alisema. "Mkojo wako hauna tatizo lolote."

Nikodemo alitikisa kichwa. Kwa hiyo Mika alikuwa mzima; miguu yake ilikuwa inaugua kitu kingine, labda hata zile siku tatu tatu anazokaa kwenye kiti cha lori akisubiri foleni ya mpakani. Alifurahi kwa ajili ya Mika. Ilikuwa furaha ya kweli, nayo ilidumu kwa muda wa pumzi moja.

"Hao wengine thelathini ndio shida," Ruti akaendelea, akageuza karatasi ili aione. "Chupa thelathini zina kipimo kimoja, hakipungui wala hakizidi. Mama mkubwa Nesta hana hata tone la damu ya ukoo huu, lakini ana kipimo kilekile cha Mika. Hata mapacha hawakojoi hivyo."

Nikodemo alitazama karatasi. Hakuielewa, lakini aliielewa.

Ruti alisema hakuwa amekasirika. Siku ya kwanza alikasirika sana, akataka kufunga mizigo yake, kisha akakumbuka kwamba naye ni mtoto wa nyumba ile na anajua wageni hupokelewaje. Lakini ndani ya chupa zile thelathini kulikuwa na mkojo wa mtu mmoja, na mtu huyo figo zake zilikuwa zinavuja. Hasikii maumivu, ndivyo ugonjwa huo ulivyo. Akipatikana sasa kuna dawa za kuzilinda, kuna chumvi ya kupunguza, anaweza akala ubwabwa wa arusi za wajukuu. Akichelewa atapelekwa Mbeya kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kama atafika.

"Nimemwambia kila mmoja kwamba chupa yenye jina lake ina mkojo wa mtu mgonjwa, na nikamwuliza ni wa nani," alisema. "Wote wamenijibu neno moja. Muulize baba mkubwa. Hata mama mkubwa amesema hivyohivyo. Basi nikaona ni heshima, hawataki kukutangulia kusema." Alifuta macho kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya utotoni. "Katika ukoo mzima ni wewe peke yako uliyenipa mkojo wako mwenyewe. Nisaidie kumpata huyo mtu, baba mkubwa. Baba yangu alisema ni uchovu tu, na mimi nikamwamini. Sitaki nimzike mwingine."

Sasa mtazame mzee wetu. Mtu mkweli peke yake katika ukoo wa waongo, na ushahidi upo mezani, umepigwa mhuri. Hakuna mshenga aliyewahi kumwuliza swali jepesi hivyo. Maneno yake ya miaka ishirini na saba yalishafika ulimini, yako tayari, yamelainika kwa kutumika. Angeweza kuyasema, akatoka na jina lake safi, akamwoza binti yake baada ya Jumamosi mbili. Aliyaona pia makaburi nyuma ya nyumba, aliyoyapitia kila siku akienda shambani, na nafasi iliyobaki kulia kwa Gibson. Nikodemo aliogopa.

"Huyo mtu," aliuliza, "mkojo wake una povu?"

"Lazima uwe na povu."

"Na anaweza kuwa na nguvu?"

"Anaweza kuwashinda wote kwa nguvu. Mpaka siku atakapoanguka."

Nikodemo aliisukuma karatasi pembeni. "Nipe chupa nyingine," akasema.

"Ya nani, baba mkubwa?"

"Ya huyo unayemtafuta."

Ruti alimtazama. Alifungua kisanduku, akatoa chupa, akashika kalamu ili aandike jina, mkono ukakataa. Akampa hivyohivyo bila jina. Alikuwa analia, na Nikodemo hakumwambia asilie.

Koti la Nikodemo lilikuwa na mfuko mpana, unaoweza kumeza chupa kumi za aina ile. Hakuutumia. Alitoka akiwa ameishika mkononi, akavuka ua mbele ya ukoo wake wote, akaenda nyuma ya nyumba. Safari hii hakusubiri. Aliporudi povu lilikuwa bado limesimama juu, jeupe, na njia ya kurudi sebuleni ilikuwa inapita mbele ya benchi la Isaka.

Isaka alinyanyua macho. "Mzee mwenzangu," alisema, "mbona unapima tena? Si majibu yameshatoka?"

Restuta alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, ameshika sinia la vikombe, na baba yake alimtazama yeye kwanza. Binti hakuinamisha uso. Aliliweka sinia chini akaja kusimama karibu yake.

"Ni mkojo wangu," Nikodemo alisema. "Ukoo wetu una ugonjwa. Ninao mimi, na baba yangu alikuwa nao, na mdogo wangu hakurogwa na mtu yeyote."

Isaka aliitazama chupa ile. Aliitazama sana, hasa lile povu, kama anayetazama kitu alichowahi kukiona asubuhi nyingi na hakukipa jina. Kisha akaweka kikombe chini taratibu, akafuta mdomo. Nikodemo aliijua ishara hiyo kuliko mtu yeyote katika mkoa wa Songwe. Alisubiri kinachoifuata.

Mshenga aligeuka kulia na kushoto kuona nani yuko karibu, akasogea, akashusha sauti. Akauliza kama daktari hakubakiza chupa nyingine moja.